Jinsi ya kuchagua kifaa cha kulainisha mwanga wa flashi

Wapigapicha wa harusi katika Kaunti ya Kwale huijua vyema saa ambayo kazi yao huingia mashakani. Ufuo wa Diani unatazama mashariki, hivyo jua huchomoza baharini na kuzama upande wa bara, nyuma ya minazi na majengo ya hoteli. Kati ya saa kumi na mbili na saa moja za jioni mwanga hutoweka kwa haraka, kama ilivyo kawaida katika sehemu zilizo karibu na ikweta. Bwana na bibi harusi wangali wamesimama mchangani, jamaa wanasubiri zamu zao, na mpigapicha hana budi kuwasha flashi.

Matokeo yake aghalabu huwa ni yale yale. Nyuso hung'aa kama zilizopakwa mafuta, kivuli cheusi chenye ukingo mkali hujichora nyuma ya masikio na chini ya kidevu, na bahari iliyo nyuma hugeuka kuwa giza tupu. Ili kuepuka aibu hiyo, wengi hununua kikombe cheupe cha plastiki kinachovishwa kwenye kichwa cha flashi, wakitumai kwamba kitalainisha mwanga popote watakapokwenda. Wakiwa ukumbini wanafurahi. Wakifika ufuoni, picha zinabaki kali kama awali, na betri zinakwisha mapema zaidi.

Jambo hili lina uzito kwa sababu harusi hairudiwi. Aidha, siku hizi karibu kila mgeni anafika na simu yenye kamera, na mwenye shughuli hatamlipa mtu kwa picha ambayo mpwa wake angeweza kuipiga bure. Kazi ya kuwapiga watu picha ina historia ndefu katika eneo hili. Katika miaka ya 1990, wapigapicha wa karibu na kivuko cha Likoni, ambacho ni lango la kuingilia Pwani Kusini kutoka kisiwa cha Mombasa, walisimamisha vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa mandhari ili kuwavutia wasafiri. Wakati huo mteja alikuja kwa sababu hakuwa na kamera. Leo anayo mfukoni, na kinachomfanya atafute mtaalamu ni ustadi wa kutawala mwanga.

Ukubwa ndio unaolainisha

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba mwanga hulainika kwa sababu tu umepita kwenye plastiki yenye ukungu. Ukweli ni kwamba ulaini hutegemea ukubwa wa chanzo cha mwanga kikilinganishwa na umbali wake kutoka kwa anayepigwa picha. Chanzo kidogo hutupa kivuli chenye ukingo mkali. Chanzo kikubwa kilicho karibu hutupa kivuli kinachofifia polepole. Ndiyo maana jua la mchana, ambalo ni kubwa mno lakini liko mbali mno, huwa kali, ilhali siku ya mawingu anga nzima hugeuka kuwa chanzo kimoja kikubwa na vivuli hukaribia kutoweka.

Kichwa cha flashi ya kawaida kina upana wa takriban sentimita 7 na kimo cha sentimita 4, yaani eneo la sentimita za mraba 28. Kikombe cha plastiki hukiongezea ukubwa kidogo tu. Kadi nyeupe ya sentimita 20 kwa 25 ina eneo la sentimita za mraba 500, takriban mara 18 ya kichwa hicho. Mwavuli mweupe wenye kipenyo cha mita 1 una eneo la zaidi ya sentimita za mraba 7,800. Ukuta mweupe uliomulikwa kwa upana wa mita 2 kila upande unaushinda mwavuli huo kwa mbali.

Umbali nao una hukumu yake. Mwavuli huo wa mita 1 ukiwa umbali wa mita 1.5 kutoka kwa bibi harusi ni chanzo kikubwa. Ukisogezwa hadi mita 6, upana wake machoni pake hupungua hadi robo, na ukali wa vivuli unarudi. Kwa hiyo anayenunua kifaa kikubwa na kukiweka mbali amepoteza sehemu kubwa ya alichokinunua.

Aina za vifaa

Vifaa vinavyopatikana madukani vinaweza kugawanywa katika makundi manne.

La kwanza ni vikombe na kuba, kama vile Omni-Bounce ya kampuni ya Sto-Fen na Lightsphere iliyobuniwa na mpigapicha Mmarekani Gary Fong, pamoja na nakala nyingi za bei nafuu. Vifaa hivi hutawanya mwanga kila upande: mbele, juu, kando na nyuma. Faida yake hupatikana pale ambapo kuta na dari nyeupe zinaudaka mwanga huo na kuurudisha. Basi kinacholainisha ni chumba, wala si kikombe.

La pili ni kadi za kuakisi. Flashi huelekezwa juu na kadi nyeupe iliyofungwa nyuma yake husukuma mwanga mbele. Flashi nyingi zina kadi ndogo iliyofichwa ndani ya kichwa, lakini hiyo hutosha tu kutia nuru ndogo machoni. Kadi kubwa zinazokunjika, kama zile za Rogue, hufanya kazi hata pasipo dari, kwa kuwa zenyewe ndizo chanzo.

La tatu ni visanduku vidogo vya kitambaa vinavyofungwa juu ya flashi. Hivi huelekeza mwanga mbele pekee, hivyo havipotezi mwingi, ila ukubwa wake una kikomo kwa sababu ya uzito.

La nne ni miavuli na visanduku vikubwa vinavyowekwa juu ya stendi, mbali na kamera, huku flashi ikiwashwa kwa mawimbi ya redio. Kundi hili ndilo linalolainisha kuliko mengine yote, lakini linahitaji msaidizi, nafasi na tahadhari dhidi ya upepo.

Mahali ndipo panapoamua

Swali la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kujiuliza halihusu chapa. Linahusu mahali anapofanyia kazi: je, kuna kitu cheupe kilicho karibu ambacho mwanga unaweza kukigonga na kurudi?

Katika nyumba na kumbi nyingi za Ukunda, Msambweni na mji wa Kwale jibu ni ndiyo. Dari la jasi au mbao zilizopakwa rangi nyeupe, likiwa na kimo cha mita 3 hivi, ni kiakisi bora ambacho hakimgharimu mpigapicha hata senti. Vivyo hivyo kuta zilizopakwa chokaa. Hapa flashi isiyovikwa chochote, ikielekezwa juu na nyuma kidogo au kwenye ukuta wa ubavuni, huleta mwanga laini. Ikielekezwa juu wima, macho huwa na mashimo meusi, na hapo ndipo kadi ndogo inapofaa kupeleka mwanga kiasi usoni. Kipande cha sponji nyeusi kinachofungwa upande mmoja wa kichwa huzuia mwanga usimpige mtu moja kwa moja kabla haujafika ukutani.

Chini ya paa la makuti hali ni tofauti kabisa. Mikahawa na kumbi nyingi za Diani zimeezekwa kwa makuti, na paa hilo huwa refu, lenye mteremko mkali na rangi ya hudhurungi. Mwanga unaorushwa huko humezwa karibu wote, na ule mchache unaorudi huja na rangi ya makuti. Kikombe cha plastiki hupeleka sehemu kubwa ya mwanga katika paa hilo bila faida. Kinachofaa hapa ni kadi kubwa, kisanduku, au mwavuli ulio kando ya meza.

Mahema ya harusi yanahitaji macho ya uangalifu. Turubai jeupe ni dari zuri. Turubai la kijani au buluu litawapaka wageni wote rangi hiyo hiyo. Mapambo ya vitambaa vyekundu yana hatari kama hiyo. Kosa hili ni gumu kulisahihisha kwa kompyuta, kwa sababu rangi huuangukia upande mmoja wa uso huku upande wa pili ukimulikwa na taa nyingine. Ndani ya hema la rangi, kadi nyeupe ya mpigapicha mwenyewe ndiyo salama.

Ufuoni jioni hakuna dari wala ukuta. Mwanga unaotawanywa na kikombe kwenda juu na kando huishia angani na baharini. Usoni pa bibi harusi hufika kiasi kidogo kutoka kwenye chanzo ambacho bado ni kidogo. Hapo msaidizi aliyeshika flashi yenye kisanduku au mwavuli, akiwa amesimama umbali wa mita 1.5 upande mmoja wa maharusi, atafanya kazi ambayo hakuna kifaa cha juu ya kamera kinachoweza kuifanya. Ni muhimu pia kupunguza kasi ya shata ili rangi za mwisho za anga zisipotee.

Mchana nako kuna mtihani wake. Diani iko zaidi kidogo ya nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na jua la adhuhuri hupita karibu utosini mwanzoni mwa mwezi wa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Vivuli huingia machoni na chini ya pua. Katika hali hii flashi hutumika kujaza vivuli tu, na inashindana na jua. Kwa hiyo inahitaji nguvu zake zote. Kuivika kikombe ni kuidhoofisha. Mchanga mweupe wa Diani wenyewe ni kiakisi kikubwa: mtu akisimama kivulini, karibu na mchanga uliopigwa na jua, uso wake hupokea mwanga laini kutoka chini na mbele, na pengine flashi isihitajike kamwe.

Gharama ya nguvu

Kila kifaa cha kulainisha hula sehemu ya mwanga. Vikombe vingi hupoteza kati ya nusu na robo tatu. Hesabu ifuatayo inaonyesha maana yake.

Nguvu ya flashi hupimwa kwa namba elekezi, ambayo hugawanywa kwa namba ya tundu la lenzi ili kupata umbali inaoweza kufikia. Flashi yenye namba elekezi 36 kwa mita, kwa ISO 100, ikitumiwa na tundu la f/4, hufika mita 9. Ikivishwa kikombe kinachopoteza robo tatu ya mwanga, umbali huo hupungua kwa nusu na kuwa mita 4.5. Ili kuurejesha, ni lazima ISO ipandishwe hadi 400, au flashi ifanye kazi mara nne zaidi.

Flashi inayofanya kazi kupita kiasi huchukua muda mrefu zaidi kujichaji baina ya picha, humaliza betri, na hupata joto. Flashi nyingi za kisasa hujizima au hupunguza kasi zenyewe zinapopata joto kupita kiasi, na hilo linaweza kutokea wakati ule ule pete inapovishwa. Wanunuzi wanapaswa pia kufahamu kwamba namba elekezi iliyochapishwa kwenye kasha aghalabu hupimwa kichwa kikiwa kimebana mwanga kuwa mwembamba; kikitanuliwa, namba halisi huwa ndogo zaidi.

Ngozi, kanzu na buibui

Kwa wapigapicha wa Pwani, kulainisha mwanga si urembo tu. Ngozi nyeusi hujieleza kwa jinsi inavyoakisi mwanga. Flashi ndogo isiyolainishwa huacha madoa makali meupe kwenye paji la uso, mashavu na pua, hasa katika joto la Pwani ambalo huleta jasho, huku sehemu nyingine za uso zikizama gizani. Chanzo kikubwa hutandaza ule mng'ao, na umbo la uso linaonekana pamoja na rangi yake halisi. Kitambaa kidogo cha kufutia jasho ni cha lazima, maana hata mwavuli mkubwa hauondoi unyevu.

Tatizo hili lilipuuzwa kwa muda mrefu katika sekta ya picha duniani. Kuanzia miaka ya 1950, maabara za kusafisha picha zilisawazisha mashine zao kwa kutumia kadi za kampuni ya Kodak zilizoonyesha mwanamke mzungu, kadi zilizokuja kujulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Ni katika miaka ya 1990 ndipo Kodak ilipotoa kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali. Kamera za leo zimeendelea mno, lakini wajibu wa kuumulika uso mweusi ipasavyo ungali mikononi mwa mpigapicha.

Mavazi nayo huidanganya kamera. Flashi inapojipimia mwanga yenyewe, kanzu nyeupe ikijaza fremu kamera hudhani mwanga umezidi na kuupunguza, na uso wa aliyeivaa huwa mweusi kupita kiasi. Buibui jeusi huleta kosa la kinyume: mwanga huongezwa na uso hupauka. Hakuna kifaa cha kulainisha kinachotibu kosa hili. Dawa yake ni kuongeza au kupunguza nguvu ya flashi kwa mkono, na mpigapicha anapaswa kujifunza kitufe hicho kabla hajafikiria kununua kifaa chochote.

Kujaribu kabla ya kulipa

Mnunuzi anaweza kukipima kifaa dukani kwa dakika chache. Kalamu isimamishwe sentimita chache mbele ya karatasi nyeupe, kisha ipigwe picha mara mbili kutoka umbali wa mita 2 hivi, mara ya kwanza kwa flashi tupu na mara ya pili kwa flashi iliyovikwa kifaa. Kama ukingo wa kivuli cha kalamu haukubadilika, kifaa hicho hakilainishi chochote. Jaribio hili lifanywe nje ya duka, mahali pasipo na dari, kwani ndani ya duka lenye kuta nyeupe kila kikombe huonekana kizuri.

Rangi nayo ichunguzwe. Karatasi ikionekana ya manjano au ya buluu katika picha ya pili, plastiki yenyewe ina rangi. Vikombe vya plastiki hafifu hugeuka manjano kadiri vinavyokaa juani, na vinapaswa kubadilishwa.

Kifaa kinapaswa kushika barabara. Vikombe vingi hutengenezwa kwa vipimo vya kichwa maalumu, na kile cha flashi ya Canon huenda kisiingie kwenye ya Nikon au Godox. Baadhi ya flashi zina kichwa cha duara kinachotumia sumaku, na hazikubali vifaa vya kichwa cha mstatili. Kifaa kizito hukilazimisha kichwa kuinama katikati ya kazi na huchosha kishikio cha flashi kilicho juu ya kamera.

Mazingira ya bahari yazingatiwe pia. Mikanda ya kunatana hujaa mchanga na kuacha kushika. Inafaa kusuguliwa kwa mswaki mkavu. Mpira laini hunasa vumbi, ila huoshwa kwa urahisi. Miavuli huangushwa na upepo, hasa majira ya kusi, na stendi isiyofungiwa mfuko mzito inaweza kumjeruhi mgeni. Mfuko mtupu wa turubai unaojazwa mchanga papo hapo ufuoni hutatua tatizo hilo bila kuongeza mzigo safarini.

Asiye na fedha hana sababu ya kukata tamaa. Karatasi ngumu nyeupe au sponji nyembamba nyeupe, iliyokatwa kwa ukubwa wa kitabu na kufungwa kwa mpira wa kufungia noti, hufanya kazi sawa na kadi nyingi za dukani. Shuka jeupe lililoshikwa na watu wawili ni ukuta wa kuakisia mwanga mahali pasipo ukuta.

Mahali pa kuzima flashi

Kuna nyakati ambapo kifaa bora ni kuizima flashi kabisa. Kasa wanaopanda ufuoni usiku kutaga mayai husumbuliwa na mwanga, na vitoto vyao hupotea njia ya baharini vinapovutwa na taa za nchi kavu. Flashi iliyolainishwa bado ni mwanga. Popo waishio katika mapango ya eneo la Shimoni nao hawapaswi kumulikwa. Msikitini ruhusa iombwe kabla ya kamera kutolewa mfukoni, na katika sherehe za wanawake pekee, wenye shughuli ndio wenye kauli juu ya nani apige picha na nani aonekane.

Kwa anayeanza kazi hii Pwani Kusini, mpangilio wa busara wa matumizi ni huu. Kwanza, betri za akiba na ujuzi wa kuelekeza flashi kwenye dari au ukuta. Pili, kadi kubwa nyeupe, hata ya kujitengenezea, kwa ajili ya makuti na mahema ya rangi. Tatu, stendi, mwavuli na kifaa cha kuwashia flashi kutoka mbali, kwa ajili ya ufuoni. Kikombe cha plastiki kinaweza kungoja mwisho, na kinunuliwe na yule ambaye shughuli zake nyingi hufanyika ndani ya vyumba vyeupe. Na kabla ya harusi yoyote, inafaa kuutembelea ukumbi siku moja mapema, saa ile ile ya sherehe, na kutazama juu: rangi na kimo cha dari vitaamua ni kifaa kipi kitakachobebwa kesho yake.